Vitu vya zamani vya wachimba: vya kuuzisha kwa kilo, ao vya kuchunga?



Ku Mputo siku hizi kuko mutindo moja ambao unaniletea mawazo mingi. Watu wazima, wenye kazi muzuri na motokari, wanaamuka asubuyi siku ya yenga, wanabeba tochi, viatu vya nguvu na mufuko mukubwa mu mugongo, na wanaenda kuingia mu viwanda vilivyofungwa zamani. Wengine wanatoka mu inchi za mbali, wanalipa ndeke na hoteli, sababu ya kwenda kutembea mu vumbi. Wanatafuta nini? Taa ya muchimba, saa ya ukuta, kibao cha chuma chenye maandiko, kiti cha ofisi ya shefu, hata kifungulo chenye kutu. Wakipata, wanafurahi sawa mutu mwenye kuokota zahabu.

Kwetu hapa Katanga vitu vile viko. Viko chini ya vitanda vyetu, mu depo za kampani, mu parsele za wazee. Na kila juma munapita kijana na pusu-pusu, analalamika kwa sauti kubwa: chuma! batri! shaba! mitrayi! Anapima kwa kilo, analipa, anaenda. Mimi nasema tunauzisha vibaya. Sisemi tusiuzishe. Nasema tunauzisha vibaya, na tena kuko vingine ambavyo hatupaswe hata kuvigusa kwa mukono. Nitaeleza yote mbili.

Mwaka ule nilienda kutembelea mwipwa wangu mwenye kuikala upande wa Charleroi, mu Ubelgiji. Ile inchi ya Charleroi mutu wa Likasi ao wa Kipushi anaielewa bila kuelezwa: vilima vya mabaki ya mine, sheminee, nyumba za matofali zenye kufanana, zimepangwa mustari moja sawa kampi. Tofauti ni kwamba kule moshi ulikwisha. Mine ya mwisho ya makaa upande ule wa Wallonie, Roton ya Farciennes, ilifungwa mwaka 1984. Upande wa Limburg walimaliza na Zolder mwaka 1992. Tangu pale, kazi ya makaa mu Ubelgiji imekuwa paka hadithi na vitu vya kuonyesha.

Mwipwa wangu akaniambia: « Mujomba, kesho tutaenda na barafiki yangu ku kiwanda moja ya zamani, tutatafuta byombo. Banasema kuko bintu ya muzuri. »

Nikamuuliza: « Mwenye kiwanda anajua kama munakuya? »

Akacheka. « Mujomba, mwenyewe njo nani? Kampani ilishakufwa. »

Ile jibu njo musingi wa matata yote. Kampani inaweza kufwa, lakini udongo na ukuta havikose mwenyewe. Kama si kampani, ni komini, ao benki, ao mutu mwenye kununua deni. Kule Ubelgiji, kuingia mu nyumba ya wengine bila ruhusa kunaweza kukupeleka mbele ya polisi, na kutosha kitu mule ndani kunaitwa wizi, hata kama kitu kile kilikuwa kinaoza tangu miaka 30. Mubelgiji mwenyewe akikamatwa atalipa amande, atarudi kwake, atalala. Wewe mwenye karatasi ya mwaka moja-moja, siku utaenda kuomba waongeze karatasi, watakukumbusha ile taa yako. Nilimwambia vile, na hatukuenda. Alikasirika kidogo. Ni kijana.

Na hatari ingine, wachimba munaijua kuliko mimi. Kiwanda chenye kuachwa si kiwanda chenye kulala, ni kiwanda chenye kuvunjika polepole. Mabao ya juu yanaoza, ngazi za chuma zinakulwa na kutu, mashimo ya mashini yanajaa mayi nyeusi ambayo haionyeshe urefu wake. Na viwanda vingi vya zamani, vya kule na vya huku, vilijengwa na amianto: mu mabati, mu bomba za moto, mu milango ya furu. Amianto haiumi siku ile unaivuta. Inangojea miaka 20, 30, kisha inakufunga mapafu. Kijana mwenye kwenda kupiga foto mule ndani na kinwa wazi hajue amebeba nini kurudi nyumbani.

Badala ya kiwanda, tulienda Bruseli, ku soko ya Jeu de Balle, mu kartye ya Marolles. Ni soko ya vitu vya zamani, iko pale tangu mwaka 1873, na inafunguliwa kila siku. Wauzishaji wanatandika blanketi chini na kumwanga vitu: sahani, vitabu, foto za harusi za watu wenye hakuna mutu anawajua tena, viatu, misalaba. Nilitembea mule asubuyi nzima. Nilikuta sahani za shaba nyekundu zilizopigwa nyundo, zenye picha ya tembo na mwanamuke mwenye kutwanga, kazi ya mikono ya kwetu kabisa, zilizobebwa na wazungu wakati wa kurudi kwao. Nilikuta mayai ya malakiti. Na taa za wachimba, nyingi sana.

Juu ya taa niseme neno, sababu nafasi hii ni ya wachimba. Mu mine ya makaa kuko gazi yenye kulipuka. Njo maana taa yao ilifungwa: moto ndani, waya ya nyuzi-nyuzi kuizunguka, ili moto usikutane na gazi. Muingereza Humphry Davy alitengeneza ya namna ile mwaka 1815. Muchimba alikuwa anaangalia moto: kama rangi ya buluu inapanda juu ya ulimi wa moto, gazi iko, wanatoka. Mu mine ya shaba ile gazi kwa kawaida haipatikane, njo maana watu wa mine za madini ya chuma waliweza kutumika na taa ya karbiri yenye moto wazi. Basi, ile taa ya makaa si kitu cha kupamba meza. Ilikuwa kati ya mutu na kifo.

Mwipwa wangu akashika moja, inangaa, muzuri. Muuzishaji akasema euro 80. Pembeni yake kulikuwa ingine, chafu, kioo kimepasuka, yeye akasema 150. Tukashangaa. Kumbe ile ya kwanza ni mupya: wanatengeneza nyingi vile juu ya wageni, hazijaingia mu mine hata siku moja. Ile ya pili ilikuwa na numero iliyopigwa mu chuma, na ndani ya mufuko kulikuwa jetoni yenye numero ile ile. Muuzishaji alijua hata mine gani. Wandugu, musikilize vizuri: kile kilichoongeza bei hakikuwa chuma. Ni numero. Ni kujua kama mutu fulani aliishika.

Sasa niwaeleze jetoni. Kila asubuyi muchimba anafika ku nyumba ya taa, anaacha jetoni yake ku musumari, anapewa taa yenye numero yake. Mangaribi anarudisha taa, anachukua jetoni. Mukubwa akiangalia ukuta, anajua ni wangapi wangali chini. Tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 1956, ku Bois du Cazier, Marcinelle, hapo hapo Charleroi, gari moja la makaa liliingia vibaya mu keji, chini ku metre 975. Keji ikapanda wakati haikupaswa kupanda. Gari likagonga, likakata bomba ya mafuta na kamba za umeme. Moto. Watu 262 walikufa, wa inchi 12, na katikati yao Waitalia 136. Wale Waitalia walikuja sababu mwaka 1946 serikali mbili ziliandikiana mukataba: Italia inatoa watu, Ubelgiji inatoa makaa. Nikisoma mambo yale, nafikiria bakambo wetu waliochukuliwa ku vijiji, wakapimwa meno na kifua, wakapewa numero.

Bibi na watoto walisimama siku nyingi ku mulango wa chuma wa ile mine, wakingojea. Leo mulango ungali pale. Mine ilifungwa mwaka 1967, na wakati ingine watu wa biashara walitaka mahali pale pawe maduka. Wachimba wa zamani na familia za marehemu walikatala. Hawakuwa matajiri, hawakuwa maprofesa. Walikatala tu. Mwaka 2002 pakafunguliwa kuwa muze, na mwaka 2012 UNESCO ikapaandika pamoja na mine zingine tatu: Grand-Hornu, Bois-du-Luc na Blegny. Leo watoto wa masomo wanaingia, wanaona sura za wale 262. Vitu vingi viko mule: kaske, taa, viatu. Hakuna hata kimoja chenye bei kubwa mu soko. Lakini mutu analia mbele ya kiatu, sababu anajua ni mutu gani alikivaa.

Sasa turudi kwetu.

Wengi mutaniambia: « Baba, ukumbusho haujaze nyungu. » Ni kweli, na sitajibu kwa maneno matamu. Mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka na ile feza ya kuondoka, nyumba nyingi ziliuzisha kila kitu chenye kuuzika: friji, masufuria, baisikeli, kisha bati. Mutu mwenye njaa hawezi kupenda kaske. Hata kule Ubelgiji, mutu anapenda vitu vya zamani sababu serikali inamulipa pansio na anakula kwanza. Ningependa wale wenye kutuhubiria mambo ya urithi wakumbuke hilo.

Lakini angalia hesabu yenyewe. Kijana wa mitrayi anapima kaske ya baba yako, anakupa bei ya mikate. Livre ya kazi, foto ya timu ya mupira ya kampi, medali ya miaka 25, yeye hataki, anakuachia, na wewe unaviwashia mbabula. Kumbe vile njo vyenye samani! Chuma ni chuma, kiko kote. Karatasi yenye jina la baba, numero yake, mine aliyotumika, tarehe ya kuingia, haiko pengine mu dunia nzima. Kama ni lazima uuzishe, uzisha chuma, chunga karatasi. Na kama mugeni mwenye kamera anakuja kununua « vitu vya zamani », usimupe bei ya kilo. Muulize: ku kwenu kitu hii kinauzishwa ngapi?

Jambo hili si mupya kwetu. Ile misalaba ya shaba, mbele wazungu hawajafika, bakambo walikuwa wanaiyeyusha na kuitumia sawa feza, na waliizika pamoja na wafu. Mwaka 1957 wataalamu walichimba makaburi ya Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, wakaikuta juu ya mifupa. Tatu ziliwekwa ku bendera ya Katanga mwaka 1960. Nenda leo ku Mputo, utaikuta mu vioo vya maduka ya vitu vya zamani, na bei yake inashangaza. Nani aliyepata ile feza? Si mutu wa Kisale.

Na ile terili ya Lubumbashi, yenye kusimama pembeni ya sheminee? Tangu furu ilianza mwaka 1911, tuliita kile kilima takataka. Watoto walipanda juu yake. Kisha, mwanzo wa miaka ya 2000, kiwanda kikajengwa pembeni, na kile kilima kikaanza kutosha kobalti. Wale walioita takataka ni sisi. Wale waliojua kilichokuwa ndani walikuwa na karatasi za laboratwari.

Sasa neno la pili, ni zito kuliko la kwanza. Wamama, mulisikilize, sababu watoto njo wanaokota.

Mwaka 1987, mu muji wa Goiânia, inchi ya Brezili, kulikuwa nyumba ya kutunza wagonjwa wa kansere iliyoachwa. Mule ndani walisahau mashini moja. Vijana wawili waliingia kutafuta chuma cha kuuzisha, sawa vijana wetu. Wakatosha kipande kizito, wakakiuzisha kwa mutu wa mitrayi. Mule ndani kulikuwa unga, chini ya gramu 100, ambao usiku ulikuwa unangaa rangi ya buluu. Yule mutu alifurahi, akafikiri ni kitu cha samani ao cha ajabu, akaita familia na majirani waone. Wakagawanya. Mutoto wa kike wa miaka 6 alichezea ule unga, akakula chakula na mikono ile ile. Ilikuwa sesyumu, kitu chenye kutoa miale isiyoonekana. Bibi ya mutu wa mitrayi alianza kuona watu wanatapika wote, akabeba kile kitu mu mufuko mpaka ku ofisi ya afya. Yule mama aliokoa wengi, yeye mwenyewe akakufa. Wanne walikufa, pamoja na ule mutoto. Zaidi ya watu 100.000 walipimwa.

Musifikiri ni mambo ya Brezili tu. Sisi njo tuko inchi ya Shinkolobwe. Mawe yale yalibebwa mpaka Olen, mu Ubelgiji, ambapo tangu mwaka 1922 kiwanda kilikuwa kinatosha radiumu, ambayo wakati ule ilikuwa kitu cha bei kuliko zahabu. Walipaka radiumu hata ku mishale ya saa ili ingae usiku, na mabinti waliopaka ile rangi ku Marekani waliokota ugonjwa wa mifupa ya taya. Zile saa zingali zinauzishwa mu masoko ya vitu vya zamani. Watu wanaziita samani. Mwangaza wake ulishakufa, lakini radiumu yenyewe inahitaji miaka 1.600 ili ipunguke nusu. Olen mpaka leo wanachunga mabaki chini ya udongo, na walipaswa kusafisha sehemu za muji. Kule waliweka senyenge na walinzi. Huku kwetu, ku Shinkolobwe, serikali ilifunga mine mwaka 2004, lakini munajua vizuri kama mulango wa karatasi haumuzuie mutu mwenye njaa.

Kwa hivi, mu kiwanda cha zamani, musiguse: chombo cha risasi kizito kupita ukubwa wake, kitu chenye alama ya mabawa matatu ya manjano na nyeusi, dumu isiyo na maandiko, transformateri. Mafuta ya transformateri za zamani yanaweza kuwa na sumu yenye kubaki mu mwili miaka mingi. Nasikia kuko wenye kuyakaangia mandazi. Mandazi! Mutoto akileta nyumbani kitu chenye kungaa mu giza, usikifungue, usikiweke mu chumba. Toka naye inje, nawa mikono, piga kelele kwa shefu wa kartye.

Mimi naomba kitu kimoja kwa kampani zote zenye kushika vile viwanda vya zamani, za serikali na za wageni. Kila mara munauzisha jengo ku mitrayi, kabla ya kuvunja, mupitishe kwanza mutaalamu na mashini ya kupima sumu. Kisha mufungue siku moja, saa moja hata, kwa wazee waliotumika mule na kwa watoto wao. Waingie na kaske, waonyeshe: hapa njo nilikuwa, hii njo mashini yangu. Vibao vyenye majina, madaftari ya numero za wafanyakazi, kengele ya kuingia kazi, mupeleke ku muze wa Lubumbashi na mwandike vilitoka wapi. Gharama yake ni kidogo. Chuma chote kingine, muuzishe, hakuna mutu atawakatalia.

Na kwa familia: wiki hii, tafuteni ile foto ya baba na wenzake mbele ya karyeri. Karibu kila nyumba ya kampi iko nayo. Kama baba angali muzima, mukalishe chini, na mutoto mwenye kujua kuandika akae pembeni na kalamu. Nyuma ya foto aandike: huyu ni nani, huyu ni nani, walitumika wapi, mwaka gani, nani alikufa mu kazi. Asiandike na biki yenye kupita upande wa pili. Penseli inatosha.